Nimestaafu, nataka kujitolea kwenye msitu wa asili: nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 61, naishi Mtwapa, kaskazini ya Mombasa. Tangu niweke chaki chini nimekuwa na hamu ya kujitolea kwenye misitu yetu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, au hata kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke. Lakini mimea siijui, ukiniondolea mnazi na mwembe, na goti la kushoto linanisumbua. Kuna kazi ya mtu kama mimi huko? Sitakuwa nawanyang'anya vijana riziki? Na la mwisho: nasikia watu wa misitu mnang'oa mwarobaini. Mwarobaini! Mama yangu alitukogesha nao tulipopata surua. Mna nini na mti huo?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndani yake mna kazi yote utakayoikuta huko.

Sina ugomvi na mwarobaini. Mimi pia nimekogeshwa nao, na uani kwa mama yangu upo mmoja mpaka leo, ndio kivuli chetu cha kupepetea mchele. Ulitoka Bara Hindi, ukapokelewa Pwani vizuri, ukapewa jina la sifa kuliko mti wowote wa kwetu: dawa ya maradhi arubaini. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo ilivyokuwa. Ila mgeni huyu hakutulia barazani. Tunda lake likiiva huwa la njano, lina utamu kidogo, na hondohondo, popo na tumbili hulipenda. Wanakula uani kwako, wanakwenda kunya msituni. Mbegu inaota hata penye kivuli, mche unapanda haraka, na ukishakuwa mti unafunika kila kilicho chini yake. Siku ukija nitakupeleka chini ya mwarobaini mkubwa ulio katikati ya msitu. Utakuta miche yake imetanda kama zulia, na ukitafuta mche wa kitu kingine utatafuta sana.

Hicho kitu kingine ndicho tunachokipigania. Kuna muhugu, ule mti mgumu wa vinyago, ambao mbegu zake nyingi huwa tupu ndani, na zilizo nzima hukua kwa mwendo wa kobe. Kuna mbambakofi, uliotoa milango ya nyumba nyingi za zamani. Kuna msandarusi, ambao utomvu wake ulisafirishwa kutoka Unguja hadi Salem kule Marekani, ukatengenezwe vanishi ya samani za matajiri. Miti hii haina haraka. Ikishindanishwa na mwarobaini kwenye nafasi ileile, mwarobaini unashinda kabla wenyewe hawajatoa jani la tano.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mwepesi: wa uani ubaki uani, wa msituni utoke. Wala si chuki ya miti ya kigeni. Pale Bamburi, mtaalamu wa kilimo aliyeitwa René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje kwenye machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, mahali ambapo hapakuwa na udongo wa kuweka kwenye kikombe. Mivinje ikashika. Sindano zake zilipokataa kuoza akaleta majongoo wazile, na kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo. Mgeni mwenye kazi maalumu, mahali palipokufa, ni jambo jingine kabisa na mgeni anayeingia chumbani kwa wenyeji walio hai.

Sasa habari njema. Mbegu ya mwarobaini haina subira. Ikianguka, ama iote katika wiki chache ama ife. Haijifichi ardhini ikingoja miaka kama mbegu ya mlusina. Maana yake ni kwamba ukiondoa miti mama, ukang'oa miche misimu mitatu minne mfululizo bila kuruka, unaona mwisho wa kazi. Neno la kushika hapo ni "bila kuruka". Ndipo watu wa kujitolea wanapokuwa dhahabu, na ndipo wengi wao wanapotuangusha.

Nikueleze tulivyokosea. Msimu wangu wa kwanza tulikuwa na watu wengi na mori mwingi. Tukaingia na mapanga mahali palipoharibika zaidi, nusu ekari hivi, tukafyeka kila mwarobaini tuliouona, tukapiga picha tumesimama juu ya visiki. Palipendeza. Kufika Agosti kila kisiki kilikuwa na vichipukizi vingi kuliko matawi tuliyokata, kwa sababu mwarobaini ukiukata unachipua, na mizizi yake ukiijeruhi nayo inatoa miche. Halafu jua tulilolifungulia njia likaleta lantana, gugu jingine la kigeni. Mwaka wa pili pale hapakupitika hata kwa mbuzi.

Baadaye nilisoma habari za dada wawili wa Sydney, Australia, Joan na Eileen Bradley. Hawakuwa wataalamu wa misitu. Walikuwa majirani wa pori waliokwenda kutembea humo na, kuanzia miaka ya 1960, kung'oa magugu kidogo kidogo kwa mkono. Waligundua kwamba sisi wote tunaanza upande usiofaa. Wao walianza pale ambapo mimea ya asili ilikuwa na nguvu bado, wakang'oa mgeni mmoja mmoja, wakaelekea taratibu kwenye uharibifu. Walichokoa udongo kwa uchache iwezekanavyo na kurudisha majani makavu mahali pake. Na, hili ndilo gumu kwa watu wenye mori, hawakusogea mbele mpaka mimea ya asili iwe imejaza nafasi nyuma yao. Msitu ndio uliowapangia mwendo. Tulipofuata njia hiyo, kazi iliyokuwa ikihitaji kundi la watu na mapanga ikawa kazi ya watu wanne na mikono yao. Mmoja wa wanne hao anaweza kuwa wewe, goti likiruhusu.

Inavyofanywa ni hivi. Unakuja siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Unashika mche chini kabisa, vidole vikigusa ardhi, kwa sababu ukiushika juu unakatika na mzizi unabaki ukikucheka. Unavuta taratibu, wima. Mzizi wake ni mmoja mrefu kama uzi wa nyavu, na ukitoka mzima unausikia mkononi, unaachia ghafla. Unaukung'uta udongo palepale kwenye shimo, unapabana kwa kisigino, unafunika na majani makavu. Mche unautundika kwenye tawi, mizizi juu, ukauke usipate kushika tena. Uliozidi unene wa kidole gumba huung'oi, unauwekea kitambaa ili wenye msumeno wauone. Miti mikubwa nayo ina wateja: tangu miaka ya 1990 wachongaji wa Mombasa na Malindi wamekuwa wakihimizwa kuchonga mwarobaini badala ya muhugu, na wengi wamehamia huko. Twiga anayeuzwa hotelini akiwa ametokana na mwarobaini wa msituni, mimi nafurahi mara mbili.

Kuhusu kutojua mimea: mwezi wa kwanza nitakutaka ujue mmea mmoja tu, nao tayari unao uani. Chukua tawi lake, likae mezani kwako. Kila jani ni mkusanyiko wa vijani, yaani majani madogo, vilivyopangika pande mbili za kikonyo. Kijani kimoja kimepinda kama mundu, na ukingoni kina meno ya msumeno. Meno hayo yakariri, kwa sababu mnwamaji, ambao ni wa ukoo mmoja na mwarobaini na ni mwenyeji wetu halali, vijani vyake havina meno. Niliwahi kurudi nyumbani najisifu, kumbe kwenye fungu langu mlikuwa na miche ya mnwamaji. Mzee mmoja wa kaya aliiokota mmoja mmoja, akaipanga mbele yangu juu ya jiwe, hakusema neno. Jambo moja la hatari: usitambue mmea kwa kuuonja. Watu husema mwarobaini utaujua kwa uchungu wake, ni kweli, lakini msitu huohuo una msunguti, ambao Wagiriama waliupikia sumu ya mishale. Tumia macho.

Mmea wa pili, wa tatu, itakuja yenyewe. Kufikia mwaka utakuwa unatembea na kusalimia miti kwa majina kama ulivyosalimia watoto wa Darasa la Sita.

Goti. Usiogope, kuna kitalu, na kwa maoni yangu ndiko kuna kazi tamu zaidi. Unakaa kwenye kigoda chini ya kivuli cha makuti. Mbele yako kuna beseni la mbegu za mbambakofi, kubwa kama kifundo cha kidole, nyeusi za kung'aa, kila moja imevaa kofia nyekundu ya rangi ya machungwa. Kofia unaitoa. Halafu upande wa pili wa mbegu unaikwaruza kwenye jiwe au unaichonyoa kwa kikatakucha mpaka weupe uonekane kidogo tu, kama kipande cha kucha. Unaziloweka usiku kucha. Asubuhi zilizokunywa maji zimevimba, hizo zinapandwa, zilizobaki ngumu zinarudi kukwaruzwa. Mbegu ya mbambakofi ikikaa kavu bila wadudu inakungoja miaka. Ya mvule haikungoji: tunda lake limejaa vijibegu kama vya ufuta, popo wanaliwahi, na ukizipata uzipande mara moja. Kila mti una tabia yake na kitalu ndiko utakakozijua. Pia kuna kujaza udongo kwenye mifuko ya miche, kuhamisha vichipukizi, na kuizoesha miche jua polepole kabla haijakwenda shambani. Kazi ya kumwagilia Februari, wakati kaskazi inavuma na kila kitu kimekauka, nakuonya mapema kwamba haina sifa wala picha, na ndiyo inayookoa miche.

Hapo nina neno kuhusu sherehe za kupanda miti, unisamehe kama nitakuwa mkali. Kila mwaka masika yakianza huja watu na fulana zinazofanana, wakapanda miche mia kadhaa kwa saa mbili, wakala pilau, wakaondoka. Mara nyingi nimerudi mahali hapo baada ya kaskazi kupita na iliyobaki hai ningeihesabu kwa vidole. Mbuzi wameila, nyasi zimeinyonga, au ilipandwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki, hilo nimelifukua kwa mikono yangu. Aliyepanda hakurudi. Msitu hauna shida ya wapandaji, una shida ya wanaorudi.

Ndiyo maana barua yako ilinifurahisha niliposoma neno mwalimu. Najua kitu kimoja ambacho nyinyi mmefanya maisha yenu yote na sisi watu wa miti hatukiwezi: kuita mahudhurio. Tunahitaji daftari. Kila mche uliopandwa upewe namba kwenye kibati, uandikwe aina yake, mbegu ilitoka mti gani, ulipandwa lini. Halafu mtu apite kila mwezi na daftari lake aite: yupo, yupo, hayupo, mgonjwa. Na daftari la pili la miti mikubwa: muhugu fulani umetoa maua wiki gani, mbambakofi fulani umepasua maganda lini. Bila hilo tunakwenda kutafuta mbegu tunakuta nyani wamemaliza au bado ni mbichi. Miaka miwili ya daftari kama hilo ina thamani kuliko siku mia za kufyeka, na goti halihusiki sana.

Kazi nyingine ya mwalimu ni majina. Wazee wa Kigiriama, Kirabai, Kikambe wana jina la kila kijiti na matumizi yake, na wajukuu wao wanasema tu "mti". Sisi tunaandika jina la Kilatini tunadhani tumemaliza. Kukaa na mzee asubuhi nzima, akatamka, ukaandika, ukamsomea akakusahihisha, kunahitaji adabu na mwandiko mzuri. Hivyo viwili sidhani vimestaafu nawe.

Vijana na riziki: umeuliza vyema, na wengi hawaulizi. Ndiyo, mtu wa kujitolea anaweza kumkosesha mtu kibarua. Palipo na vijana wanaolipwa kwa kila mche wanaoukuza au kwa siku ya kufyeka, usishike jembe lao. Shika daftari, mbegu, wanafunzi wanaotembelea, vitu ambavyo hakuna anayelipwa kuvifanya. Kwenye misitu ya serikali kuna vyama vya jamii vya misitu, ambavyo sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2005 ilivitambua na ile ya 2016 ikavithibitisha. Anza kwa hao, waulize nini kimepungua, usiende na jibu mfukoni. Na ukidaiwa ada ya kujitolea, uliza ni ya nini. Wageni wa ng'ambo hulipia malazi na chakula chao, ni haki. Wewe unayetoka Mtwapa na kurudi jioni, chakula kwenye kibweta, sioni unalipia nini.

Sasa wapi. Arabuko-Sokoke ni msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, kati ya Kilifi na Malindi. Utapenda kuuona: udongo mweupe wenye miti ya mirihi, halafu ghafla udongo mwekundu na vichaka vizito ambamo anaishi yule bundi mdogo wa Sokoke ambaye hutoshea kiganjani. Lakini kuna ndovu, si mahali pa kuingia peke yako, na kutoka kwako hadi Gede, kando ya msitu huo, ni safari ya kukuchosha kabla ya kazi. Nenda mara moja moja. Kwa kazi ya kila wiki ningekuelekeza juu ya vilima vilivyo nyuma yako: Ribe, Kambe, Jibana, Rabai. Hizo ni kaya, maboma ya kale ya Wamijikenda yaliyozungukwa na msitu. Tangu mwaka 1992 serikali imekuwa ikizitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 kumi katika hizo ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Msitu wenyewe si mkubwa, na ndiyo sababu mtu mmoja anayerudi kila wiki anaonekana matokeo yake.

Ila kaya ina wenyewe. Huingii kwa sababu una nia njema. Unakwenda kwanza kwa wazee, na mtu wa kukupeleka, unaeleza haja yako, unangoja. Kaya Kinondo kule Diani mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, na kila kaya ina taratibu zake. Kwa kawaida hutoi kitu, hata kijiti kilichoanguka. Sasa hebu fikiria sisi tunaokuja kuomba ruhusa ya kung'oa! Tulipoliuliza mara ya kwanza tulizungushwa miezi. Ruhusa ilipotoka ilikuja na masharti: mwarobaini tu, siku fulani si fulani, na sehemu ya ndani kabisa hatuigusi. Ndani hapo miarobaini michache ipo mpaka leo. Naitazama kwa mbali nikipita, nanyamaza. Hao wazee wamelinda msitu huo kabla mimi sijazaliwa.

Mavazi. Viatu vya kufunika, si ndara, na suruali au sketi ndefu nzito juu ya soksi, maana kuna kupe na siafu. Miezi ya ukame chunga upupu: maganda yake ya manyoya ya dhahabu yanapendeza, na upepo ukiyapuliza shingoni utacheza ngoma usiyoijua. Ukipatwa usijikune wala usijipanguse na nguo. Tafuta utepe wa kunatisha, bandika, bandua, mpaka manyoya yaishe. Nyoka wako, na wengi watakukimbia ukitembea kwa kishindo; usitie mkono mahali ambapo jicho halijatangulia. Fimbo ya kutembelea itakusaidia kwa goti na kwa hilo pia.

Anza na nusu siku, mara moja kwa wiki, siku ileile. Wasemao mgeni siku ya tatu mpe jembe hawakukosea, lakini kwako ningesema wiki ya tatu, na jembe liwe dogo. Ukitaka kufika kabla mvua za Aprili hazijaanza utanikuta tunakwaruza mbegu. Maji ya kunywa uje nayo, na kofia pana. Daftari liwe la jalada gumu, la mistari. Na penseli, Mwalimu, si kalamu: siku nzuri za kung'oa ni zile zilizolowa, na wino unakimbia.